Kipande Namba Nne

Nimestaafu wiki tatu zilizopita, na tayari nimeshalipanga upya kabati la jikoni mara mbili. Mume wangu anasema nikilipanga mara ya tatu atahamia msikitini. Nimeona afadhali nikae niandike yale ambayo Salma amekuwa akinisumbua niyaandike, kabla sijaanza kubandika namba kwenye masufuria.

Salma ndiye aliyeshika nafasi yangu ya ufundi katika maabara ya uhandisi ya chuo kimoja katikati ya mji. Kazaliwa hapa hapa Barking, mashariki ya London, wazazi wake ni watu wa Chake Chake. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Wapo na vijana wetu wengine watano sita walioajiriwa ufundi katika vyuo vya huku, ambao Jumapili hukutana Ilford wakala na kuwalalamikia maprofesa. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Asiyejua neno amuulize mama yake, naye atafurahi kuulizwa.

Habari za vyeo siandiki. Nilivyopata vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nataka kuandika kazi ilivyokuwa, na hasa habari ya kipande kimoja cha chuma, urefu wake kama kiganja, ambacho kwa zaidi ya miaka thelathini niliamini kwamba nilimharibia nacho mtu elimu yake.

Kwetu ni Wete, Pemba. Baba alikuwa karani, na baada ya Mapinduzi tukawa watu wa kuhamahama, Mombasa kwanza, kisha huku. Nilimalizia skuli London, nikaajiriwa katika kiwanda kidogo cha skrubu, kazi yangu kukaa mbele ya trei kutwa nzima na kuzitoa zilizopinda. Jioni nilisoma ufundi. Siku moja mwalimu wa jioni akanipa tangazo alilolikata gazetini, chuo kinatafuta fundi wa maabara ya kupimia nguvu za vyuma na zege. Akaniambia, "Wewe una jicho la kuona kitu kilichopinda. Nenda." Nikaenda.

Maabara ilikuwa chini kabisa ya jengo, ngazi thelathini na mbili za kuteremka, harufu ya mafuta ya mashine na saruji mbichi. Fundi mkuu alikuwa Len, mtu mzima wa Walthamstow, mtoto wa muuza samaki pale sokoni, sauti yake bado ya kuita wateja. Siku ya kwanza hakunitazama usoni, alitazama mtandio wangu.

"Hicho kitambaa kikishikwa na mashine ya kerezo," akasema, "mashine haitakuuliza dini yako."

Nilidhani ananifukuza. Alikuwa hanifukuzi. Usiku ule nilikata shuka la pamba, nikashona kofia ya kubana, mikia yake inaingia ndani ya ovaroli na kufungwa kwa pini mbili. Kesho yake Len aliikagua kama anavyokagua breki, akaivuta hapa na pale, akatikisa kichwa kukubali. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anawatuma kwangu wanafunzi wa kiume wenye nywele ndefu niwashonee na wao. Nadhani nimeshona kofia nyingi kuliko fundi yeyote wa uhandisi katika nchi hii.

Kitu cha pili alichonipa Len kilikuwa daftari. Lilikuwa kubwa, jalada jeusi, pembe zimeshaliwa. Lilikuwa daftari la makosa. Sharti lake lilikuwa hivi: ukiharibu kitu, kabla ya chai ya asubuhi unaandika kwa mkono wako umeharibu nini na vipi, unakichora, unatia sahihi. Kila kosa ukurasa wake. Lugha uitakayo, kwa sababu Len aliamini mtu akilazimishwa kuungama kwa lugha ya kuazima huanza kujipamba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Len mwenyewe, ujana wake, alivyosahau kulegeza jiliwa, kile kibano cha mezani, akavunja kifaa cha kupimia kilichotoka Ujerumani. Mlikuwa na kurasa za Kigiriki, za Kigujarati, moja ya Kipolishi yenye mchoro mzuri sana wa kidole gumba. Kila mgeni wiki yake ya kwanza hulisoma lote na kutazama michoro. Baada ya hapo hairuhusiwi kurudi nyuma. Unalifungua penye ukurasa mtupu tu.

"Ni la kujifunzia," Len alisema. "Anayetaka umbea aende sokoni kwa mama yangu."

Wiki ya pili alinifundisha mashine ya kuvuta. Unafunga kipande cha chuma juu na chini, unavuta polepole. Chuma hujinyoosha, hukonda kiuno, kisha mlio mmoja na kimekatika. Sasa unachukua nusu mbili, unaziunganisha vizuri penye mkatiko, unazizungusha kidogo mpaka zikae, unapima urefu. Kilichozidi ndicho kinachokwambia chuma kina ulaini gani. Nilifanya hivyo mamia ya mara, mpaka mikono ikawa inafanya yenyewe huku mimi nawaza nitapika nini.

Na mikono yangu ilikuwa na mazoea mengine ya zamani zaidi. Kwetu, chombo cha mtu kikivunjika mkononi mwako, humpelekei mwenyewe vipande vipande. Mama yangu akivunja sahani ya jirani alikuwa akivikusanya vipande, anavipangusa, anaviunganisha, anavifunga kitambaa, ndipo anabisha hodi. Mwenye chombo apokee msiba wake ukiwa umevaa nguo. Mkumbuke hayo mawili, mazoea ya Len na mazoea ya mama, kwa sababu yalikutana siku moja mikononi mwangu.

Mwaka wangu wa pili alikuja Deo. Jina lake kamili Deogratias, kwao Tabora, baba yake alifanya kazi za reli maisha yake yote. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu, mwembamba, suruali imebanwa na mkanda wenye matundu ya kuongezwa kwa msumari. Aliteremka ngazi zote thelathini na mbili, akasimama mlangoni.

"Shikamoo dada. Nimeambiwa huku chini kuna mtu wa nyumbani."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimeona chupa ya chai imefungwa kanga."

"Basi ingia, lakini usiguse kitu. Na hiyo kanga usiisome kwa sauti, Len atataka nimtafsirie."

Kazi ya Deo ilikuwa juu ya chuma kinachochoka. Chukua waya wa kutundikia nguo, upinde huku na huku. Mara ya kwanza hauna habari, mara ya ishirini umekatika, ingawa hukuwahi kuupinda kwa nguvu zaidi. Ekseli za mabehewa ya mizigo kwao zilikuwa zinakatika namna hiyo, na yeye alitaka kujua ufa unaanzia wapi. Alikuja na kipande cha ekseli nzee alichopewa na karakana moja, kilichosafiri melini miezi. Tulikikata tukapata vijiti vitano, kila kimoja upande mmoja umeachiwa ngozi ya asili ya ekseli. Vitano tu. Kuagiza kingine kulikuwa na maana ya meli nyingine, na ufadhili wake ulikuwa unakwisha kiangazi kile.

Kila kijiti kilikaa kwenye mashine ya kupinda wiki mbili au tatu, juu chini, juu chini, mpaka kikatike. Cha kwanza kilikatikia kwenye vibano kwa sababu hakikufungwa sawa, hakikufaa kitu. Cha pili Deo alikizidishia mzigo kwa pupa. Cha tatu kilikatika mimi nikiwa likizo ya Idi, akakitoa mashineni mwenyewe. Niliporudi nilimkuta amekuwa mtu mwingine. Kwenye uso wa mkatiko, karibu na ngozi lakini ndani yake, alikuwa ameona kwa hadubini doa dogo la mviringo linalong'aa. Kwa Deo hilo lilikuwa jibu. Chuma kilikuwa na uchafu ndani tangu kiwandani, na ufa ulizaliwa penye uchafu. Profesa wake, mtu ambaye sifa zake zilitoka kwa kipimo cha kijiko cha dawa, alimwambia kwamba doa hilo likijirudia kwenye kipande cha nne, thesis anayo. Deo akaandika sura nzima juu ya doa.

Kipande cha nne kilikatika mwisho wa wiki, mashine ikajizima yenyewe. Jumatatu nilifika wa kwanza. Deo alikuwa anakuja na treni ya baadaye kutoka Ilford. Nikasema nimfanyie wema. Nilizitoa nusu mbili, nikaziunganisha, nikazizungusha kidogo mpaka zikae. Nikapima urefu, jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Nikazipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, nikazifunga karatasi safi, nikatia uzi, nikaandika lebo kwa hati nzuri nikaweka mezani kwake. Kiganjani mwangu palikuwa na vumbi kidogo la kijivu. Nililifuta kwenye ovaroli.

Deo alikuja, akafungua, akainama kwenye hadubini.

"Dada Zuwena," akasema bila kuinua kichwa. "Njoo utazame."

Nilitazama. Doa dogo la mviringo, linang'aa.

"Lile lile," akasema. "Mahali pale pale." Kisha akacheka. Alikuwa miezi minane katika jengo lile na sikuwahi kumsikia akicheka mpaka mwisho wa pumzi. Alivaa koti akasema anakwenda kumpigia simu baba yake kabla hajamwambia Profesa, sarafu anazo. Akapanda ngazi mbili mbili.

Len alikuwa anapita na ndoo ya mchanga. Akaona karatasi na uzi mezani, akaweka ndoo chini.

"Nani alikifunga hiki?"

"Mimi."

"Nusu mbili zikiwa pamoja?"

"Pamoja. Kama ulivyonifundisha."

Len alivuta kigoda akakaa, jambo ambalo hakulifanya kazini kabla ya saa sita. Akanieleza polepole. Chuma kilichovutwa unaweza kukiunganisha upendavyo, unachotaka kwake ni urefu. Chuma kilichochoka hakina kingine cha kukupa isipokuwa zile nyuso mbili. Kila kitu kimeandikwa pale, ufa ulianzia wapi, ulisimama wapi, ulikimbia wapi. Ukizigusanisha hata mara moja, vilima vidogo vya uso mmoja vinasuguana na vya mwenzake, na panapobanwa zaidi panang'aa.

"Sikukufundisha hilo," akasema. "Nusu ya kosa ni yangu, na nitaiandika. Deo hajui. Profesa hajui. Chai ni saa nne na nusu."

Akachukua ndoo yake akaenda zake.

Nitawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Sikuwa naogopa kufukuzwa. Nilikuwa naona Deo kwenye kibanda cha simu, na mzee Tabora kaitwa mbio ofisini kwa mtu mwenye simu, ameshika mkono wa simu kwa mikono miwili. Nikajiambia, pengine doa langu limeangukia juu ya doa la kweli. Nikajiambia, na kile cha tatu je, kile sikukigusa, na doa kinalo. Nilijipa sababu nzuri nne tano, na kila moja ilianza kwa neno pengine. Halafu nikafikiria ekseli. Iko siku fundi mahali fulani atasoma kitabu cha Deo, aamini kilichomo, na behewa litaondoka.

Saa nne na robo alirudi, bado anatabasamu.

"Deo, mdogo wangu, kaa."

"Nimempata mzee, dada. Ameuliza doa lina ukubwa gani, nikamwambia kama kichwa cha sindano. Akasema..."

"Kaa kwanza. Lile doa ni mkono wangu."

Nilimweleza yote, kuunganisha, kuzungusha, vumbi la kijivu. Hakunikatiza. Tabasamu lilikwenda kidogo kidogo, ikawa kama namvua nguo mtu barabarani.

"Ulizungusha," akasema mwishowe.

"Kidogo. Vikae sawa."

"Na ukiunganisha hivyo, linatoka doa kama lile."

"Len anasema hivyo. Nisamehe, Deo. Sikujua, lakini kutojua hakukurudishii kitu."

Aliitazama mikono yake kwa muda. Kisha akasema, "Ahsante dada kwa kunambia," kwa sauti ndogo sana, akachukua begi lake akaondoka. Hakuonekana siku hiyo wala kesho yake.

Mimi nililifungua daftari jeusi nikaandika kwa Kiswahili. Niliandika nimeunganisha nyuso za kipande namba nne cha Deogratias, nimeziharibu, na pamoja nazo nimeiharibu sura yake. Nikachora nusu mbili na mkono. Len akaandika yake ukurasa wa pili yake, mistari miwili. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi kumwagia maji matofali ya zege, maana zege halisubiri mtu amalize kulia.

Siku ya tatu nilimkuta Deo mezani kwake, kafika kabla yangu, macho mekundu.

"Ile sura nimeitoa," akasema. "Yote. Nimeshamwambia Profesa. Naanza upya na kipande cha tano."

"Deo, ni kwa sababu yangu."

"Yamekwisha, dada. Tusiyarudie."

Hatukuyarudia. Nikabeba nilichobeba.

Kipande cha tano tulikilinda kama mwari. Len alitengeneza kizuizi cha shaba ili mashine ikisimama nusu moja iinuliwe na isimguse mwenziwe. Mimi nilitengeneza kisanduku cha mbao chenye vitanda viwili, katikati ukuta, ndani nimeshonea flaneli, ili hata mtu mwenye mikono mizembe kuliko yangu asiweze kuzilaza nusu mbili pamoja. Kilikatika Alhamisi mchana, sote watatu tupo. Deo alishika nusu ya juu, mimi ya chini, Len kisanduku.

Doa halikuwepo. Ufa ulikuwa umeanzia juu kabisa, kwenye ngozi, katika kishimo kidogo cha kutu ambapo rangi ya ekseli ilikuwa imebanduka zamani. Ukiuona uso ule huhitaji mtu akufafanulie. Mistari imejipanga kuzunguka kishimo, inapanuka, inapanuka, mpaka mwisho. Profesa aliteremka kutazama. Akasema, "Hii ni bora zaidi," akapanda zake.

Mimi sikumwamini, nilidhani anamfariji. Miaka ikanionyesha. Lingekuwa kosa la uchafu wa ndani, mtu wa kwao asingekuwa na la kufanya ila kununua ekseli mpya. Kutu ina dawa. Ina brashi, ina rangi, ina mtu wa kupita na taa kutazama penye mabaka. Deo aliandika hayo kwa haraka ya mtu anayefukuzwa, akamaliza kabla ya kiangazi kwisha, akarudi nyumbani kufundisha. Lakini ilikuwa thesis nyembamba, yenye kipande kimoja tu, na walimfanyia maswali makali kwa uchache huo. Kila nilipoiona kwenye rafu ya chuo nilijua unene uliokosekana ni wa nani.

Baada ya hapo ni miaka mingi inayofanana, na ndiyo niliyoipenda. Kompyuta ziliingia, zikatoa grafu nzuri za vitu vilivyofungwa vibaya. Niliona wanafunzi wanalia kwa zege lililokataa kukauka, na mmoja kwa furaha ya daraja la tambi lililobeba tofali. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza kama inaruhusiwa kushika spana bila ruhusa ya mwanamume, sasa ana kampuni yake. Len alistaafu, akanikabidhi daftari bila hotuba, na miaka michache baadaye tukamzika Walthamstow. Kisanduku cha flaneli kiliendelea kutumika. Nimekibadilisha kitambaa mara nne. Kila mwanafunzi anayekuja kuchosha chuma hupewa kisanduku kabla hajapewa ufunguo, na nikiulizwa nani alikibuni nasema kilikuwepo.

Deo tulisalimiana kila mwaka. Mimi Krismasi, yeye Idi, barua kwanza, kisha simu. Akawa mwalimu mkubwa, akawa na mvi, akawa na wajukuu. Mara zote aliuliza, "Kisanduku kipo?" nami nikasema kipo. Kipande namba nne hakuna aliyekitaja.

Sasa Salma. Alianza kazi wiki sita kabla sijastaafu, anakuja na treni mpya ya zambarau kutoka Ilford, alikohamia alipoolewa. Wiki yake ya kwanza nilimpa daftari jeusi, kama alivyonipa Len. Siku ya tatu akaniita.

"Bi Zuwena, sorry. Hii page ni yako, right?"

"Nimesema hairuhusiwi kuulizana."

"I know. But who's Deo? Kwa sababu hapa chini kuna handwriting nyingine."

Nilimwambia hakuna handwriting nyingine. Ukurasa ule ni wangu peke yangu, na sikuurudia kwa sababu sharti halikuniruhusu, na lingeniruhusu nisingethubutu. Wageni wote waliolisoma baada yangu walipita pale wakaona Kiswahili juu na Kiswahili chini, wakatazama mchoro, wakafungua ukurasa unaofuata. Hata Len lazima alidhani maneno yote ni yangu.

"Nisomee," nikasema. Miwani nilikuwa nayo kichwani, lakini mikono haikutaka kuishusha.

Salma akasoma kwa sauti, polepole, silabi moja moja, kama mtoto wa chuo cha Kurani:

"Dada Zuwena. Kipande namba tatu nilikiunganisha mimi, kwa mikono yangu, kabla sijakitia kwenye hadubini. Nilitaka nikipige picha kikiwa kizima nimpelekee mzee. Nilizungusha kidogo vikae sawa. Sikujua nimefanya nini mpaka ulipokuja kunambia chako. Jana nimekwenda kwa Profesa nimemweleza. Sura naitoa kwa kosa langu, si lako. Wewe umenisimamisha kabla sijaandika uongo. Nilikuacha ukijilaumu na sina uso wa kukwambia kwa mdomo. Deogratias."

Akarudisha kidole kwenye mstari. "Nime... umenisimamisha, that's like, you stopped me?"

"Ndiyo."

"Are you okay, Bi Zuwena?"

Nikamwambia niko salama, aende akayamwagie maji matofali ya zege. Aliponiacha nililia, na safari hii sikwenda chooni.

Jioni ile, nimekaa sebuleni kwangu Barking, nilimpigia Deo. Tulisalimiana, wajukuu, magoti, mvua. Kisha nikamwambia, "Deo, leo nimesoma ulichoniandikia kwenye daftari la Len."

Nilisikia kiti kinavutwa upande wake.

"Leo?" akasema.

"Leo. Sharti lilikuwa huruhusiwi kurudi nyuma."

"Mimi sikulijua hilo sharti, dada. Nilikuwa mwanafunzi tu, nilivizia Len ametoka nikaandika. Nilidhani ulikisoma siku ile ile. Nikaona husemi kitu, kesho yake kimya, mwaka wa pili kimya. Nikajua umesoma ukaamua kunisitiri."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye unayenisitiri."

Akaanza kucheka. Ulikuwa mcheko ule ule wa mpaka mwisho wa pumzi, umezeeka kidogo, na mimi nikacheka naye, mume wangu akatoa kichwa jikoni kutazama nini kimetokea. Deo akaniambia kwamba anawafundisha wanafunzi wake daftari la makosa, na kwamba ukurasa wa kwanza wa daftari lao una kipande namba tatu. Nikamuuliza kama wana kisanduku. Akasema hawana, wanatumia makopo mawili ya maziwa ya unga.

Basi wenzangu wa Jumapili, daftari jeusi liko kwa Salma, na sharti la kutorudi nyuma nimelifuta siku yangu ya mwisho, nimeandika hivyo kwa kalamu juu ya jalada. Andikeni makosa yenu kama alivyotaka Len, kwa mkono wenu na kwa lugha yenu. Mkimaliza, fungeni, halafu nendeni mkamwambie mwenyewe kwa mdomo, siku hiyo hiyo, hata kama hamna uso. Mimi naagana nanyi hapa. Fundi seremala wa mtaa wa pili kaniletea mbao, na flaneli nimeshaikata. Deo anataka visanduku vitatu.